Jirani Hasomwi kwa Sura Moja



Wengi wenu mmekwisha kusikia habari ya mshumaa. Wengine mliisikia vibaya, kwa hiyo naanza nayo, kusudi kila mtu ajue kosa lilikuwa la nani.

Tangu mwanzo wa mwaka huu wa masomo, kila siku ya posho jioni, kisha chakula na mbele ya kengele ya kulala, tulikuwa na desturi ya kusoma kitabu kwa sauti katika jumba la kulia. Msomaji nilikuwa mimi. Nilisoma kwa kifaransa, na penye wadogo walikunja uso nilieleza kwa kiswahili chetu. Siku ile nilifika mahali ambapo mkulima mmoja anataka kumnunulia bibi yake shali. Anatoa noti ya paundi 5. Mtu wa duka anaikataa, maana kuna uvumi kwamba banki iliyotoa noti hiyo imeanguka. Kando yake amesimama Miss Matty, mwanamke mzee asiyeolewa, na karibu feza yake yote iko katika banki ileile. Hapo nikafunga kitabu, nikasema: "Tutaendelea juma lijalo." Wadogo wakapiga makelele. Mimi nikafurahi, maana msomaji anapenda kungojewa.

Saa tano ya usiku nilipita katika vyumba, kama kazi yangu inavyotaka. Nikaona mwanga nyuma ya sanduku. Mdogo mmoja wa darasa la saba amewasha mshumaa, amekaa chini, kitabu changu juu ya magoti, anafuata kifaransa kwa kidole, neno kwa neno. Nikamuuliza: "Juu ya nini unafanya hivi?" Akajibu bila kuogopa sana: "Yaya, ni weye ulituacha mu njia. Nilitaka tu kujua kama ule mzee atapata shali."

Nikaandika jina lake katika kaye ya nidhamu. Akakata majani kando ya uwanja wa mpira siku mbili. Na Bwana Direkta wa nidhamu akakata shauri kwamba kusoma kwa jioni kusimame mpaka kisha Exetat.

Sisemi amri ile ni mbaya. Mshumaa karibu na chandarua na matela ya sponji ni hatari kweli, na sisi ni watu 40 katika nyumba moja ya kulala. Kama moto ungewaka, hakuna mtu angeuliza nani alikuwa anasoma nini. Lakini kisha pale nilisikia maneno mengine, kwa wanafunzi na hata kwa mwalimu mmoja. Walisema: "Vitabu vyenyewe ni vya bure. Hakuna vita ndani, hakuna mwizi, ni wamama wazee wanakunywa chai na kuchungulia dirishani. Finalisti mzima anasoma habari za majirani!" Maneno hayo njo ninataka kujibu leo, kwa heshima.

Kwanza nieleze vitabu hivi kwa wale wasiokuwa pamoja nasi.

Kitabu tulichoanza nacho mwezi wa kumi ni cha Alexander McCall Smith. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1948 kule Bulawayo, katika inchi inayoitwa leo Zimbabwe, kisha akakuwa profesa wa sheria katika Edinburgh, mji mkubwa wa Uskoti, ule ambamo John Knox alihubiri katika karne ya 16. Watu wengi wanamjua kwa hadithi zake za Mma Ramotswe wa Botswana, zilizoanza kutoka mwaka 1998. Lakini mwaka 2004 alianza kazi ya namna ingine katika gazeti The Scotsman: kila siku ya kazi, kipande kimoja kifupi juu ya watu wanaokaa katika nyumba moja ya gorofa, 44 Scotland Street. Mawazo hayo aliyapata kisha kukutana na mwandishi Armistead Maupin huko San Francisco, ambaye tangu 1976 alikuwa ameandika gazetini, kwa vipande pia, habari za wapangaji wa nyumba moja. McCall Smith aliandika vipande zaidi ya 100, na mwaka 2005 vikatoka kama kitabu. Kisha akaendelea, kitabu juu ya kitabu.

Ndani yake mnatokea nini? Kidogo sana! Watu wanapandia ngazi moja, wanakutana, wanasalimiana, wanaona haya, wanakosana, wanaazimana. Kuna kijana Bruce, anayejipenda sana, na mafuta yake ya nywele yenye harufu ya karafuu inabaki katika ngazi kisha yeye kupita. Kuna mchora-picha Angus Lordie na mbwa wake Cyril, mwenye jino moja la zahabu. Na kuna mtoto Bertie, wa miaka mitano, ambaye mama yake anataka awe mtu wa elimu kubwa. Anamfundisha kiitalia na saksofoni, anampeleka kwa munganga wa akili, amepaka chumba chake rangi ya waridi. Bertie anataka kitu kimoja tu: kuwa mtoto kama wengine, avue samaki, awe na kisu kidogo cha mfukoni. Wadogo wa darasa la saba walimpenda kuliko watu wote. Tena anakuwa polepole sana. Mwaka 2005 katika kitabu cha kwanza alikuwa na miaka mitano, na ni katika kitabu cha mwaka 2013 tu alipofikisha saba. Mmoja wetu alisema: "Huyu amerudilia darasa kuliko sisi wote."

Kitabu cha pili, kile cha mshumaa, ni bibi yake na hivi vyote. Kinaitwa Cranford. Aliyekiandika ni Elizabeth Gaskell, binti ya mchungaji na bibi ya mchungaji wa kanisa moja la Manchester, Uingereza. Kilitoka kwa vipande katika gazeti la Charles Dickens, Household Words, tangu Desemba 1851 mpaka Mei 1853. Kinasema juu ya mji mdogo ambamo karibu nyumba zote za heshima ziko mikononi mwa wanawake, wajane na wasioolewa. Wote wako na feza kidogo na wote wanaficha. Miss Matty anaweka mishumaa miwili juu ya meza lakini anawasha mmoja tu. Kisha anazima huu na kuwasha ule, kusudi ibaki ya urefu moja, na mgeni akifika ghafula aikute yote miwili inawaka na asijue kitu. Nilipofika hapo, jumba zima la kulia lilicheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Juu ya nini tulicheka? Kwa sababu kila mmoja wetu anajua nyumba ambamo soda inatoka kwa mgeni tu, na watoto wanafundishwa kusema "tumeshiba". Kwetu pia ni vile. Mama yangu akisoma gazeti hili atanisamehe.

Na kuna ng'ombe. Bibi mmoja wa Cranford alikuwa na ng'ombe aliyempenda kama binti. Akaanguka katika shimo la chokaa, manyoya yote yakatoka. Mtu mmoja akasema kwa mzaha kwamba ashonewe nguo ya joto. Yule bibi akamshonea kweli, na mji mzima ukaona ng'ombe anaenda malishoni amevaa kizibao na suruali. Sijui kama mtu anaweza kusoma hii na uso mkavu. Mimi sikuweza.

Sasa ninafika kwa swali. Kwa nini habari za watu wasiofanya kitu kikubwa zinatuvuta namna hii, mpaka mtoto anaiba mshumaa?

Mimi ninatoka Bukavu, komine ya Kadutu. Parsele yetu iko na nyumba tano na robine moja. Anayekaa pale anajua kwamba jirani ni mtu ambaye humkumchagua, lakini unajua saa anayoamka, unajua kikohozi chake, unajua sufuria yake inanuka sombe ao maharagi. Zamani mama yangu na jirani mmoja walikaa miezi mitatu bila kusalimiana, juu ya kuku aliyekula muhogo uliotandazwa juani. Usiku mmoja dada yangu mdogo akashikwa na homa kali, akaanza kutetemeka. Aliyegonga mlango wa kwanza alikuwa yule jirani. Alisikia kilio kwa ukuta, akamwamsha bwana yake, moto ikatoka, mtoto akafika hospitali. Asubuhi mama yangu na yeye wakarudilia kunyamaza, lakini ilikuwa kunyamaza kwa namna ingine. Kisha juma moja kuku ikatuletea vifaranga penye uwanja wetu, na mazungumzo ikaanza juu ya vifaranga. Neno la homa hawakulitaja hata siku moja.

Kama ningeandika juu ya jirani yule katika mwezi wa pili wa ugomvi, ningeandika kwamba ni mwanamke mbaya. Ningetia sahihi. Na ningekuwa mwongo, ijapokuwa kila neno ni kweli.

Njo nguvu ya kwanza ya hadithi hizi za vipande. Mwandishi anakuonyesha mtu leo, unacheka, unamhukumu. Kesho anamrudisha, na mtu yuleyule anafanya kitu ambacho hukungojea. Wewe msomaji unaona haya kidogo, kisha unaongeza kipimo chako. Jirani hasomwi kwa sura moja. Na sura katika kiswahili ni ya kitabu na ni ya uso pia; zote mbili zinadanganya kama unaishia pale.

Katika kazi yangu mimi niko na kaye ya nidhamu. Ina mistari minne: jina, darasa, kosa, saa. Ni kaye ya lazima, bila hiyo hatuwezi kulala. Lakini haina mahali pa kuandika "itaendelea". Nimejaza kurasa nyingi mwaka huu, na ninaungama kwamba kuna wanafunzi ambao niliwajua kwa kaye tu. Nikimwona fulani nilisema ndani yangu: huyu ni wa makelele, yule ni wa kuchelewa. Vitabu hivi vya majirani ndivyo vilinifundisha kwamba nimeshika sura moja ya kila mtu, tena ile ya saa tano ya usiku.

Nguvu ya pili ni namna ya kucheka. Wengine wanasema: "Kusoma habari za majirani ni masengenyo tu, ila yamechapishwa." Hapana. Anayesengenya anasema juu ya mtu asiyekuwapo, na anataka ukiondoka pale umpende mtu yule kidogo kuliko mbele. Mwandishi mwema wa hadithi hizi anafanya kinyume: anakuchekesha juu ya Miss Matty na mishumaa yake, na ukifunga kitabu unataka kumbebea kikapu. Hata Bruce wa mafuta ya karafuu, asiyestahili mengi, hafukuzwi katika hadithi kwa mawe. Anaachwa na kioo chake, na kioo kinamtesa kutosha. Kucheka kwa namna hii ni kazi ngumu kuliko kuchokoza. Katika internat yetu tunajua sana kuchokoza. Tunatoa majina, tunaiga mwendo wa mtu, tunaiga kigugumizi chake, na yeye anapashwa kucheka pamoja nasi ao ataitwa mwenye kasirani. Nauliza: je, kati yetu ni wangapi wanaweza kumchekesha mtu juu ya yeye mwenyewe, na yeye akaenda kulala na furaha?

Sasa mashindano. Neno la kwanza linalosemwa ni Exetat. Mimi pia ni finalisti. Siku zinahesabika, na fizikia haitaki utani. Lakini nusu saa ya siku ya posho si nusu saa iliyoibwa kwa fizikia. Kila finalisti anajua tulifanya nini na nusu saa ile tangu kusoma kusimamishwe: tumekaa juu ya vitanda tunabishana juu ya mpira. Na walimu wa kifaransa wenyewe wanaweza kusema kama wadogo waliosikia kitabu miezi sita wameandika vizuri ao vibaya. Yule mdogo wa mshumaa, aliyefuata kwa kidole, alisoma usiku ule kurasa nne za kifaransa ambazo hakuna mtu alimlazimisha kusoma.

Neno la pili ni zito zaidi, na sitaki kulipita mbio. Rafiki yangu mmoja wa darasa letu alisema: "Hawa wazungu wako na amani. Sisi watoto wa Kivu tumeona vita tangu mbele ya kuzaliwa kwetu, tangu miaka ya 1990. Wengine hapa hawana baba. Hadithi tamu namna hii ni kutudanganya." Tena wako watu wanaomlaumu McCall Smith kwa neno hili hili juu ya vitabu vyake vya Botswana, wakisema kwamba anaonyesha Afrika yenye jua na chai tu.

Ninakubali sehemu. Kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaeleza kwa kucheka, na anayejaribu anatukana waliokufa. Mambo hayo yanataka kitabu kingine, na ninatumaini mmoja wetu atakiandika. Lakini si kweli kwamba kitabu cha upole hakijui msiba. Katika Cranford banki inaanguka kweli. Basi niwaambie sasa, maana wengine wangali wanangoja: yule mkulima alipata shali yake. Miss Matty alitoa katika mfuko wake vipande vitano vya zahabu, akampa, akachukua ile noti isiyofaa kitu. Alisema ndani yake kwamba yeye ni mmoja wa wenye banki, kwa hiyo haiwezekani mtu maskini apoteze kwa sababu yake. Kesho yake habari ikathibitishwa, na yeye akabaki karibu bila kitu.

Hapo majirani waliokuwa wakichungulia dirishani walifanya nini? Walikutana kwa siri. Kila mmoja akaandika katika karatasi kiasi atakachotoa kila mwaka kwa ajili ya Miss Matty, akafunga karatasi, hakuna aliyejua mwenzake ameandika ngapi, na yeye Miss Matty asijue feza inatoka wapi. Wale wale waliokuwa wakizima mshumaa mmoja! Mtumishi wake Martha akakataa kuondoka. Na Miss Matty alipoamua kuuza chai nyumbani mwake, alienda kwanza kwa muuza-duka wa mji kumuuliza kama biashara yake ndogo itamharibia yeye. Wenye akili ya biashara walicheka. Lakini yule muuza-duka akaanza kuwatuma wanunuzi kwa Miss Matty, akiwaambia kwamba chai nzuri iko kwake.

Je, hii ni hadithi ya amani tupu? Mimi naona ni hadithi ya watu walioangukiwa na kitu kikubwa kuliko wao, na dawa waliyokuwa nayo ilikuwa kujuana tu. Kwa sababu walijua mishumaa ya Miss Matty, walijua pia namna ya kumsaidia bila kumwaibisha. Anayemjua jirani kwa mambo madogo yuko tayari siku ya jambo kubwa. Sisi wa Kivu tunajua hii kuliko Waingereza. Katika siku za kukimbia, mlango uliofunguliwa ulikuwa wa mtu aliyejua jina la mama yako.

Tena tusiseme kwamba kupenda habari za majirani ni ugonjwa wa wazungu. Mjomba wangu alikulia Lubumbashi. Anakumbuka namna watu walivyokaa karibu na radio, kisha televizio, kufuata michezo ya Mufwankolo na kundi lake, katika kiswahili cha Lubumbashi, kiswahili cha nyumbani na cha sokoni: bwana na bibi, mshahara, wageni wasiotaka kurudi kwao. Kazi yao ilikuwa kubwa hata mwanachuoni Johannes Fabian aliandika kitabu juu yao, kilichotoka mwaka 1990. Kesho yake kazini, anasema mjomba, watu walicheka tena na kila mmoja alisema: "Ule alikuwa jirani yangu kabisa."

Na sisi tunaoimba katika kapela kila asubuhi tukumbuke jambo moja. Bwana Yesu alipoulizwa na mwalimu wa sheria jirani ni nani, hakumpa maana ya neno. Alimpa hadithi. Ina njia, punda, mafuta, divai, nyumba ya wageni na feza ya kulipa siku zinazofuata. Vyote ni vitu vidogo vya kila siku. Yule mwalimu wa sheria alitaka mpaka wa neno. Akarudi nyumbani na mtu aliyelala barabarani.

Basi ninaomba mambo matatu, na ninaomba kama mtoto kwa wazazi.

La kwanza, kusoma kwa siku ya posho kurudi, nusu saa tu, chini ya taa ya jumba la kulia, na mwalimu mmoja akiwapo kama wakubwa wanataka. Mimi kwa upande wangu ninaahidi kusimama mwisho wa sura, si katikati ya duka.

La pili, kitabu kibaki katika kabati ya maktaba, na wadogo waruhusiwe kukisoma mchana, saa ya mapumziko. Mtoto anayesoma mchana hana haja ya mshumaa.

La tatu, gazeti letu hili lianze hadithi yake ya vipande, ukurasa mmoja kila mwezi, juu ya parsele moja ya kubuni: nyumba tano, robine moja, kuku moja. Aandike anayetaka, mvulana ao msichana, kwa zamu. Masharti yawe haya: hakuna jina la mtu wa kweli, hakuna kilema cha mtu, na mwandishi ajicheke yeye mwenyewe wa kwanza. Wakubwa wataisoma mbele ya kuchapishwa. Kama kuku itakula muhogo katika kipande cha kwanza, mjue ni mimi nimeanza.

Inabakia neno la yule mdogo. Jina lake liko katika kaye na litabakia, maana kosa alilifanya na adhabu aliimaliza. Lakini juma lililopita nilimwita, nikamwambia mwisho wa hadithi ya mkulima, ule nilioueleza hapa. Akafikiri, akasema: "Basi ule bibi alilipa deni ya watu wengine." Nikamjibu ndiyo. Akaniangalia. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama katika kaye ya nidhamu kuna mstari wa kapita.

Hakuna. Niliutafuta. Kwa hiyo nimeuandika hapa, penye watu wote watausoma: usiku ule kosa la kwanza lilikuwa langu.

Ni mimi,
Kapita wa wanafunzi, finalisti